Maji Yasiyo na Kwao

Nimepanga glasi sita juu ya meza ya mninga,
chini ya kila moja kikaratasi chenye namba,
maana jana Bi Fatu amesema mbele ya wageni
kwamba mkwewe, kwa kusoma kwake maabara,
anawanywesha watu maji yasiyo na kwao.

"Onja, mama. Usitazame karatasi."

Ya kwanza ameijua kabla haijagusa mdomo.
"Imechemshwa. Kuni za mkorosho.
Na sufuria ni ile ya dagaa."
Kweli. Moto unaua vijidudu, nikamwambia,
lakini chumvi hauiwezi; hubaki chini,
ukoko mweupe ninaoukwangua birikani kila Jumamosi.
"Na moshi nao hubaki," akasema.
"Mimi nimelelewa na moshi."

Ya pili ina kidonge cha klorini.
Akakunja uso. "Hospitali.
Mwaka wa kipindupindu."
Akaiinamia glasi kwa muda.
Kabla ya mume wangu alikuwapo mtoto mwingine,
jina lake halitajwi humu ndani.
Nyingine zote alionja tu;
hii aliinywa mpaka chini, kama mtu anayelipa deni.

Ya tatu, ya mvua, ya tangi la uani.
"Bati. Na njiwa.
Hamkuacha mvua ya kwanza ipite?
Mvua ya kwanza huoga paa, ya pili ndiyo ya watu."
Nikaandika hilo daftarini.
Chuoni walitufundisha kwa kurasa nne.

Ya nne: "Ya harusini."
Ya chupa, naam, ya kiwandani, imesukumwa
kwenye utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Akauliza bei. Nikataja.
"Kwa hela hiyo nilikuwa naletewa debe,
na mletaji anakaa, anakula."

Ya tano akatabasamu, mara ya kwanza leo.
"Mtungi wa mama yangu, Kitangari."
Si mtungi, ni chujio: udongo na pumba za mpunga,
pumba zikaungua tanuruni zikaacha vitundu
visivyopitisha hata kijidudu.
"Mtungi," akasema tena,
na mimi nikafuta neno chujio.

Ya sita akaizungusha mdomoni.
Akameza. Akasubiri.
"Humu hamna mtu."
Nikamweleza: tumeyakeneka, mama, ni mvuke uliorudi kuwa maji,
hayana chumvi, hayana chokaa, hayana chochote,
ndiyo tunayotia kwenye mtambo wa kuchemshia mikasi.
"Basi ipe mikasi. Ipe betri ya pikipiki ya Nampota.
Ipe pasi yako ile ya mvuke isizibe.
Mimi nina mifupa."

Nilikuja na meza hii kumshinda.
Nilitaka aseme: mkwe wangu anajua.
Badala yake akaanza kuhesabu kwa vidole
mtelemko wa bondeni, zamani, jogoo la kwanza,
na kupanda tena jua likiwa utosini, ndoo moja:
kunywa, kisha uji, kisha kunawa uso,
na ya kunawia uso ikaoshee mchicha,
na ya mchicha ikapewa kuku.
"Aina za maji," akasema, "sisi tulikuwa na mbili.
Yapo, na hayapo."

Newala maji hayamwagwi.
Masalio ya glasi zote nikayamimina beseni moja,
moshi, bati, harusi, mtungi, na yale yasiyo na mtu,
nikaloweka soksi za shule.

Usiku nimeshazima taa
akabisha mlangoni na dumu la lita tano, tupu,
amelisugua kwa mchanga, linang'aa.
"Ya kwangu endelea kuchemsha.
Lakini mjukuu wangu," akasema,
akilisukuma dumu kwa mguu mpaka chumbani kwangu,
"mjukuu mwekee namba mbili."